Nimezamia Sauzi kweli kweli: mbizi 600 Zanzibar, Cape Town nimedumu dakika 22. Nini kilinipata?

#1 Chaza wa Nungwi
Wakuu salama. Mie ni divemasta (naongoza wageni kuzama), mwaka wa tisa huu, Nungwi na Mnemba, daftari lina mbizi 600 na kitu na hizo ni zile nilizokumbuka kuandika. Mwezi wa saba nilikwenda Cape Town kumwona dada yangu anaishi kule, nikasema siwezi kurudi bila kuchovya. Tukaenda Windmill Beach pale Simon's Town, mie na jamaa mmoja mwenyeji. Hakuna boti, unavalia kwenye maegesho ya magari unateremka kwa miguu mpaka majini. Wetsuti (suti ya mpira) milimita 7 vipande viwili, hudi ya kufunika kichwa na masikio, glavu, viatu, na risasi za uzito wa kunizamisha kilo 12 kiunoni. Kwetu mie kilo 3 na kaptula basi.

Kompyuta ya kuzamia inasoma maji nyuzi 13. Kutia uso tu paji likauma kama nimepigwa mchi. Tukazama, mwani umesimama kama minazi, mita 7 hivi, pazuri wallahi sikatai. Dakika ya 18 nimeinama natazama papa mdogo mwenye mistari, hudi inanibana kidevu nikaivuta kidogo, ghafla dunia ikaanza kuzunguka, juu sikujui chini sikujui, nikakamata shina la mwani mikono miwili kama mtu kakumbatia mlingoti. Ikapita yenyewe. Kutazama geji ya hewa ya mtungi, presha bar 60! Nilianza na 200. Kwetu wageni ndo humaliza hewa, mie nabaki na 120 nawasubiri. Tukatoka dakika ya 22, nikafika kwenye mawe nikatapika. Mwenyeji wangu ana bar 130, anamenya ndizi.

Sasa nini hiki? Baridi inakula hewa namna hii? Au kile kizunguzungu ndo kilikula? Msinicheke sana.

#2 Mla Urojo
Nilivyosoma kichwa cha uzi nikajua umezamia Sauzi ndani ya kontena, kumbe umezama kihalali na paspoti mkononi. Siti ya mbele, mishkaki miwili hapa.

#3 Njombe Juu
Nyuzi 13 ndo baridi? Makete mwezi wa sita asubuhi nyasi nyeupe kwa barafu na mtoto anaenda shule kavaa kaptula. Watu wa Pwani mnadeka sana.

#4 Bin Sefu Maskati
@Njombe Juu hapo umechanganya hewa na maji ndugu yangu. Maji yanakunyonya joto kama mara 25 kuliko hewa ya nyuzi hizo hizo. Jaza pipa maji ya nyuzi 13 ukae shingoni dakika 40 halafu urudi hapa utuandikie, kama vidole vitakubali.

#5 Njombe Juu
Pipa siingii 😂 ila hoja imefika.

#6 Kitwana wa Bergen
Chaza pole. Mie nazama Norwe mwaka wa sita, nikupe hesabu. Umetumia bar 140, tuseme mtungi wa lita 12, hiyo ni lita 1680. Gawa kwa dakika 22, halafu gawa kwa 1.7 sababu uko mita 7 na presha huko ni mara 1.7 ya juu. Unapata lita 45 kwa dakika, kama vile ungekuwa juu ya maji. Hiyo ni pumzi ya mtu anakimbia na mnofu wa nyama na mbwa nyuma yake! Divemasta mtulivu anakuwa 12 mpaka 15. Baridi peke yake inaweza kukupandisha sana maana ngozi ikishtuka kifua kinavuta hewa chenyewe, lakini ule mshtuko wa mwanzo huwa unatulia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kuna kitu kingine kiliendelea.

#7 Chaza wa Nungwi
@Kitwana mtungi ulikuwa wa chuma, lita 10. Nimemuuliza jamaa sasa hivi kwenye Watsapu kathibitisha.

#8 Kitwana wa Bergen
Aa, basi narekebisha, ni 37. Bado nyingi lakini sasa anayekimbizwa ni wewe tu, mbwa kaachwa nyuma. Na ona ujanja wa geji hapo, bar 60 za mtungi wa lita 10 si sawa na bar 60 za mtungi uliouzoea, kwa hiyo hata sindano ilikuwa inashuka haraka kuliko macho yako yalivyozoea miaka tisa.

Mwenzako naye kwa hesabu hiyo hiyo yuko 19 hivi, na huyo kazaliwa hapo.

#9 Mama Kasa Diani
Mimi ni instrakta huku Diani na nimewahi kuzama Cape Town mara mbili, za ufuoni zote. Wanaume mnapenda hesabu, mimi naanzia kwenye maegesho ya magari. Chaza, umebeba mtungi wa chuma, kilo 12 za risasi, suti mbili moja juu ya nyingine, umeteremka kwenye mawe, jua linapiga mgongoni, umefika majini tayari unahema. Halafu mkaogelea juu juu mpaka pa kuzamia, miguu inanasa kwenye mwani, kweli si kweli? Ukizama na pumzi imeshapanda hairudi chini hata uimbe kaswida. Hewa chafu imebaki kifuani, mwili unadai zaidi, unavuta juu juu, unazidi kuharibu.

Na nikwambie kitu, nyinyi wa Zanzibar ufuo hamuujui. Si kwa kuwatukana. Bamvua kwenu maji yanakwenda mita 4 juu chini, mwamba uko mbali huko, nani atatembea kilomita na mtungi? Kwa hiyo kila kitu ni boti, unakaa ukingoni unabinuka kinyumenyume, nahodha anakupokea. Ufuoni lazima uhesabu mawimbi, usubiri yale makubwa yapite, uingie na regulata (ya kupumulia) mdomoni na maski usoni, ukianguka unatambaa. Ni kazi tofauti kabisa.

#10 Chaza wa Nungwi
Mama Kasa uliniona? Nilianguka mara mbili nikiingia, mara ya pili nikapoteza fini moja ya mguuni jamaa akaidaka. Hilo sikutaka kuliandika.

#11 Mla Urojo
Divemasta miaka tisa 😂😂 endelea endelea tunasikiliza.

#12 Tabibu wa Kata
Hewa nawaachia wenyewe, mimi nataka kile kizunguzungu. Chaza kasema alivuta hudi halafu "ghafla". Maji baridi yakiingia sikio moja tu na la pili likabaki kavu au vuguvugu, yale majimaji ya sikio la ndani upande mmoja yanapoa, ubongo unapata habari mbili zinazopingana, unahisi unazunguka. Hospitali tunakifanya makusudi kupima usawa wa mgonjwa, tunamwagia maji baridi sikioni. Kinapita maji yakishapata joto la mwili. Na kutapika ni kawaida yake. Swali, ulivuta hudi upande gani?

#13 Chaza wa Nungwi
Kushoto. Na ile hudi ya duka tulikokodi ilikuwa saizi kubwa, niliwaambia wakanambia "itakaa tu".

#14 Tabibu wa Kata
Basi kesi yangu imekwisha.

#15 Bin Sefu Maskati
Haijesha tabibu. Dakika 18 nzima maji yalikuwa yanaingia kwenye hudi kubwa halafu ndo lizunguke dakika hiyo moja? Kuna kizunguzungu kingine, cha presha. Sikio moja likisawazisha na jingine likakwama unazungukwa vile vile, na huja zaidi ukipanda kidogo. Chaza, ulikuwa unapanda au unashuka? Na pua ilikuwa safi?

#16 Chaza wa Nungwi
Sasa hapo ndo mtanipiga mawe. Nilikuwa na mafua kidogo tangu kwenye ndege. Sikio la kulia lilikuwa linafunguka kwa taabu. Na yule papa alikuwa juu ya jiwe, kwa hiyo ndio, nilipanda kama mita 2 hivi kumfuata.

#17 Mama Kasa Diani
Mafua!! Mgeni akikwambia ana mafua Mnemba unamwachia azame? Unamkalisha kwenye boti anakula tikiti. Haya.

#18 Njombe Juu
Mimi si mzamaji lakini naomba niulize swali la kijijini, jana yake usiku ulikunywa nini?

#19 Chaza wa Nungwi
Glasi mbili. Shemeji alifungua chupa, huwezi kumkatalia shemeji.

#20 Mla Urojo
Wadau tuna mafua, glasi mbili za shemeji, hudi ya kukodi, fini ilipotea, na bado tunalaumu BAHARI.

#21 Dogo Tanga Raha
Napita tu wakuu lakini mimi naona ni regulata. Maji ya baridi regulata inaganda barafu ndani inaanza kumwaga hewa yenyewe, nimeona video. Huenda ilikuwa inavuja kidogo kidogo bar zikaondoka bila yeye kujua.

#22 Kitwana wa Bergen
@Dogo Tanga ni kweli inatokea, huku kwetu wakati wa baridi maji yakiwa nyuzi 4 mimi mwenyewe imeshanifungukia, hewa inatoka puuuu huwezi kuisimamisha, mwenzangu akafunga valvu mimi nikawa napumua ya kwake. Lakini regulata za kawaida zinaanza kutiliwa shaka chini ya nyuzi 10. Kumi na tatu bado. Na ikimwaga hewa utaisikia, si siri, inapiga kelele kama kompresa ya kujaza tairi.

#23 Dogo Tanga Raha
Sawa kaka, nimekaa chini.

#24 Shangazi Pweza
Asalaam aleikum. Mimi yalinipata Uskoti, mume wangu wa huko. Nyuzi 9, wetsuti ya kuazima shingo imebana, dakika ya tano macho yanaingia giza na kifua kinapiga. Mzee mmoja pale akaja akatia vidole viwili shingoni kwangu akasema hii ndo inakuua, ukosi ukibana mishipa ya shingo moyo unapungua kasi unalegea. Akaukata kwa kisu, wetsuti ya watu! Nikarudi majini nikakaa nusu saa. Chaza shingo ilikuwaje? Umesema hudi ilikubana kidevu.

#25 Tabibu wa Kata
Shangazi hilo lipo, lakini hilo linaleta kulegea na giza, si kuzunguka. Tofauti kubwa.

#26 Shangazi Pweza
Mwanangu ukiwa chini ya maji huna nafasi ya kutofautisha.

#27 Mama Kasa Diani
Tusisahau risasi. Kilo 12 unazihitaji juu kwa sababu wetsuti nene inaelea kama boya. Ukifika mita 7 ile sponji imeshabanwa, haielei tena vile, wewe umekuwa mzito, unajaza hewa kwenye bisidi (fulana ya kuelea), kifua kinapanda miguu inashuka, unaogelea umesimama kama mtu anatembea kwenye matope. Hewa inaisha hapo. Na ikishabanwa haikupi joto lile lile tena. Mie mwanzo walinipa 13 nikashusha mpaka 10.

#28 Chaza wa Nungwi
Kusimama wima ndio, jamaa alinionyesha kwa mkono kama mara tatu nilale. Nikadhani ananisalimia.

#29 Mla Urojo
Jamani hapo nimemwaga chai.

#30 Dogo Tanga Raha
Kinachonishangaza, Simon's Town si upande wa Bahari ya Hindi? Yetu hii hii? Mbona huku ya moto? Si wanasema Cape Point ndo bahari mbili zinakutana.

#31 Bin Sefu Maskati
Hiyo wanawauzia watalii. Mpaka rasmi ni Cape Agulhas, mbali huko mashariki-kusini, kwa hiyo False Bay yote, ghuba ya hapo Simon's Town, kwa ramani ni Atlantiki. Ila nayo ina tabia yake. Kiangazi inapata joto mpaka huko kwenye 20, wakati Camps Bay na Oudekraal, ng'ambo ya mlima tu, mwezi wa kwanza watu wamelala mchangani wanaungua jua na maji ni nyuzi 10!

Sababu ni upepo. Ule wa kusini mashariki, hebu tuuite kusi lao, unavuma kiangazi, kinyume na kusi letu la mwezi wa nne mpaka wa tisa. Unayasukuma maji ya juu yatoke pwani ya magharibi, ya chini kabisa yanapanda kushika nafasi, baridi na safi. Ndo maana wenyeji kiangazi wanazama Atlantiki kwa sababu wanaona mbali, na wakati wa baridi wanahamia False Bay ambako kunatulia. Chaza ulikwenda mwezi wa saba, mahali ulipelekwa sahihi.

Na msidhani ni Sauzi tu. Huku Oman, Dhofar, wakati wa khareef (msimu wao wa mvua) pepo za kusini magharibi zinafanya hivyo hivyo, maji yanashuka chini ya 20 na bahari imechafuka hakuna anayeingia. Baadaye ukizama Mirbat kutoka ufuoni unakuta mwani mkubwa umeota kando ya matumbawe, kitu ambacho kwetu hukioni. Mzee wangu wa Wete nilimwonyesha picha akasema haya ni magugu ya mto.

#32 Shangazi Pweza
Dhofar si ndo wanazamia yale makombe makubwa ya kuliwa kwa bei?

#33 Bin Sefu Maskati
Ndio shangazi, wenyewe wanaita sufailah, yana msimu mfupi kweli na serikali inasimamia. Cape Town nao wana ndugu yake, perlemoen, huko ukishikwa nayo mfukoni huna leseni usimpigie dada, pigia wakili. Na kuzama kwenyewe ndani ya hifadhi yao ya bahari kunataka kibali.

#34 Chaza wa Nungwi
Kibali nilikuwa nacho, jamaa alinikatia. Perlemoen niliziona, nimezitazama kama mtu anatazama dirisha la duka la dhahabu.

#35 Njombe Juu
Tuulize kitu kinachotuhusu sote. PAPA. Si ndo kule papa weupe wanaruka na sili mdomoni kwenye televisheni? Huenda ndugu yetu alikuwa anahema kwa woga tu akaona aibu kusema.

#36 Kitwana wa Bergen
Ungekwenda miaka ya nyuma ungekuwa na hoja. Sasa hivi False Bay papa weupe karibu hawaonekani. Walikuja nyangumi wauaji wawili, mapezi ya mgongoni yamelala mmoja kushoto mmoja kulia, ndo wakaitwa Port na Starboard. Mwaka 2015 wazamaji wakaanza kuokota papa wa matamvua saba pale Miller's Point, karibu kabisa na alipozama Chaza, wamepasuliwa ini limetolewa tu mwili umeachwa. Mwaka 2017 kule Gansbaai papa weupe nao vile vile, ini hakuna.

#37 Mama Kasa Diani
Wengine wanasema si nyangumi peke yao, wavuvi wamemaliza papa wadogo ambao wakubwa wanawala. Na wengine wanasema hawajaisha, wamehamia mashariki. Wenyeji ukiwauliza wanagombana kama nyinyi hapa.

#38 Chaza wa Nungwi
Woga wa papa sikuwa nao. Woga wa mwani nilikuwa nao, nasema ukweli. Kwetu ukitazama juu unaona jua na tumbo la boti. Pale juu pamefunikwa majani, yanakwenda huku yanarudi huku na wimbi, mtungi unaguswa mgongoni unadhani mtu anakuita. Kila nikigeuka hakuna mtu.

#39 Tabibu wa Kata
Hapo sasa umetuongezea na lingine. Ukitazama kitu kinachoyumba muda mrefu huku mwili wako unayumba nacho unapata kichefuchefu kama cha boti.

#40 Mla Urojo
Tabibu si ulisema kesi imekwisha?

#41 Shangazi Pweza
Ushauri kwa wanaokwenda: chupa ya chai ya moto si ya kunywa tu. Beba maji vuguvugu ujimwagie ndani ya wetsuti shingoni kabla hujaingia, yale ya bahari yakiingia yanakuta nafasi imejaa. Na wetsuti ikigoma kupita, vaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, inateleza yenyewe.

#42 Dogo Tanga Raha
Mfuko wa plastiki? Shangazi Tanzania imepiga marufuku tangu 2019, unataka wamkamate uwanja wa ndege akiwa na rambo.

#43 Shangazi Pweza
Basi avae soksi ya nailoni. Mna maneno nyinyi.

#44 Njombe Juu
Na kuhusu haja ndogo? Nasikia mnafanya humo humo.

#45 Kitwana wa Bergen
Watu wako aina mbili, wanaojikojolea kwenye wetsuti na waongo. Baridi inasukuma damu katikati ya mwili, figo zinadhani maji yamezidi, zinafungulia. Ndo maana mimi nilihamia draisuti, ndani navaa sufu nimekaa mkavu kama niko sebuleni. Ila draisuti nayo ukibanwa ndo utajua hujui.

#46 Chaza wa Nungwi
Wakuu sikuwaambia yote. Siku tatu baadaye nilirudi majini. Long Beach hapo hapo Simon's Town, mchanga mtupu, mita 5. Mtungi wa lita 15, risasi 10, hudi ya jamaa mwenyewe inayobana sawasawa, mafua yamekwisha, shemeji nimemkimbia usiku wake, maji nyuzi 15, na mwani haba. Nilikaa dakika 41 nimetoka na bar 90. Hakuna kuzunguka wala nini.

#47 Kitwana wa Bergen
Bar 110 mara 15 ni 1650, gawa 41, gawa 1.5... lita 27. Umeshuka sana. Ni mwili kuzoea baridi, nilisema.

#48 Mama Kasa Diani
Kuzoea siku tatu? Ni risasi na ufuo wa mchanga usio na mawe.

#49 Tabibu wa Kata
Hudi imebana = hakuna kizunguzungu. Sina la kuongeza.

#50 Bin Sefu Maskati
Mafua yamekwisha = hakuna kizunguzungu. Na mimi sina la kuongeza.

#51 Njombe Juu
SHEMEJI.

#52 Chaza wa Nungwi
Tatizo nilibadilisha vyote siku moja, sasa sijui kipi ni kipi. Na 27 bado ni mara mbili ya yangu ya Mnemba. Mwakani narudi, nitabadilisha kimoja kimoja, naanza na hudi.

#53 Mama Kasa Diani
Anza na mafua.

#54 Mla Urojo
Uzi mzima hakuna aliyeuliza la maana. Windmill si iko jirani na wale pengwini wa Boulders? Uliwaona?

#55 Chaza wa Nungwi
Niliona mmoja. Alikuwa kasimama kwenye jiwe la pili ananitazama navyotapika.